Mzee Erasto Hakuuawa na Maziwa

Baba Mchungaji, Mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zetu, wavuvi wote wa Katonga mliofunga mitumbwi leo kwa ajili yetu, wakubwa shikamooni, na sote poleni kwa msiba huu. Kwa majina naitwa Recho, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Erasto Ntakije, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Kwetu kazi hii huwa ya mwanamume wa ukoo, na karatasi ya kwanza aliiandika baba mdogo Telesphory, mdogo wake marehemu, ikisema kwamba kaka yake aliugua kwa muda mfupi na Bwana akamtwaa. Usiku wa kuamkia jana tuliizungumza karatasi hiyo kwa maneno mengi, mengine makali, na mwisho tukakubaliana isisomwe, kwa sababu baba hakuugua kwa muda mfupi, na kwa sababu kilichomuua bado kipo majumbani mwenu, na wengine mmekuja nacho hapa kikiwa shingoni mwa watoto. Nawaomba mnivumilie, naogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 20 Agosti 1961 katika kijiji cha Kagunga, kule mpakani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Elia Ntakije, mvuvi, na Mama Yudita, mkulima wa mihogo. Katika nyumba yao ilikuwepo ada moja ambayo lazima niieleze mapema, kwamba mtoto akianza kusimama dede, babu yake huyeyusha kipande kidogo cha risasi, yale madini laini na mazito yanayofungwa kwenye nyavu ili zizame, akakitoboa, akakitia uzi na kumvisha mtoto shingoni, ili awe mzito na ziwa lisimchukue. Baba alivishwa yake, na sisi wanawe tulivishwa zetu. Asiondoke mtu hapa akisema Recho amewatukana Waha wenzake, ada hii ni ya ukoo wetu tu, ila marehemu hakuwa mtu wa kula peke yake, na miaka hii ya mwisho aliwavisha pia watoto wa majirani, wa wavuvi wenzake, na wa mtu yeyote aliyemsifia.

Elimu ya msingi aliianza Kagunga mwaka 1969, na mwaka 1973, baba yake alipougua, alipelekwa kwa mjomba wake katika kijiji cha Simbo, akamalizia darasa la saba huko mwaka 1975. Alikuwa akituambia kwamba alishika namba mbili darasani, na Mzee Feliksi aliyesoma naye, ambaye nimemwona amekaa pale mbele, amekuwa akitukumbusha miaka yote kwamba ilikuwa namba mbili kutoka chini. Ukweli wa jambo hilo ameondoka nao.

Mwaka 1976 alishuka Katonga na kuajiriwa kwenye mitumbwi ya dagaa, enzi za karabai, akaanza kwa kuyachota maji mtumbwini na kuishia kuwa nahodha anayeheshimika, mtu aliyejua wapi dagaa watapanda kabla taa haijawashwa. Tarehe 11 Mei 2009 kamba ilimkatia vidole viwili vya mkono wa kushoto karibu na Kagunga hiyo hiyo alikozaliwa, na alipopona akaliacha ziwa na kuanza kazi ya kutengeneza risasi za nyavu hapa nyumbani. Wavuvi mnaifahamu kazi hiyo kwa sababu wateja mlikuwa ninyi, na taa za betri zilipoingia na karabai kustaafu, betri chakavu zikawa nyingi, kazi ikakua. Alizipasua kwa shoka, maji yake makali akayamwaga nyuma kwenye michikichi, vile vyuma vya ndani akaviyeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa, akamimina kwenye vibao vya udongo, na siku asizoyeyusha, sufuria hiyo hiyo ilisuguliwa kwa majivu na kupikiwa maharage, maana aliamini moto unaua kila kitu.

Katika kazi hiyo alikuwa na sharti moja, kila akimaliza kuyeyusha lazima anywe kikombe kikubwa cha maziwa. Fundi rangi wa magari aliyemwelekeza kazi alimwambia kwamba maziwa yanaosha moshi kifuani na sumu tumboni, na baba alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Maziwa aliyachukua kwa jirani yetu Mama Minani, jina lake mwenyewe Ndayikeza, ambaye wazazi wake walivuka naye kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni, na ambaye ng'ombe wake wawili wametunywesha sote mtaa huu. Mkumbuke maziwa hayo, kwa sababu yametutenganisha na majirani kwa nusu mwaka.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu Agnesi tarehe 14 Desemba 1985 hapa Kigoma mjini, na Mungu akawajalia watoto wanne, mimi Recho mwaka 1987, Jeremia mwaka 1989, Frida mwaka 1992, na Bariki mwaka 1996. Frida alifariki tarehe 2 Oktoba 1995 kwa degedege, na wengi mnakumbuka yaliyosemwa, kwamba ni ndege amepita juu ya nyumba, kwamba ni shetani wa ziwani. Mwaka huu nilimuuliza daktari kama Frida naye aliuawa na kile alichovaa shingoni, akaniambia hawezi kujua, malaria nayo huua mtoto kwa namna hiyo hiyo, na hakuna wa kumpima tena. Mama hajaacha kulia tangu siku nilipouliza, na ningeweza kulirudisha swali lile kinywani, ningelirudisha. Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu sita, na mjukuu wa mwisho ni Ella, mwanangu, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 2021, ambaye alijifunza kutembea kwa kushika ukuta wa banda la babu yake.

Kuugua kwake kulianza karibu na Pasaka ya mwaka 2021, kwa tumbo lililokuwa likimkaza hadi anajikunja, na choo kugoma siku nyingi. Alipewa dawa za minyoo, akapewa za vidonda vya tumbo, akatafutiwa za chango kule Ujiji, na kila dawa ilimtuliza kidogo, kisha akarudi bandani. Mwaka 2022 ule ujumbe wa sauti ulipozunguka kwenye simu, wa mwanamke anayelia akisema dagaa siku hizi wanakaushwa kwa dawa ya kuhifadhia maiti, baba aliusikiliza mara nyingi, akaacha dagaa, yeye aliyewavua tangu ujana, mpaka mama akamuuliza kama maiti wa mkoa huu wanatosha kwa dagaa wote wale. Halafu ikawa zamu ya simu, akaacha kuiweka mfukoni mwa shati kwa kuwa inaunguza moyo. Mwaka 2023, macho na viganja vyake vilipopauka, mtu akamwambia mawese mabichi yanateka sumu yote mwilini, akawa anameza vijiko asubuhi kabla ya chai, huku anatapika. Akaacha viungo vya pakiti, akaacha soda, akaacha hata dawa ya meno. Baba yangu alikuwa mtu jasiri ziwani, lakini miaka ile alikiogopa kila kitu kilichoingia nyumbani, isipokuwa lile banda, na sisi tukaogopa pamoja naye vitu vile vile.

Mwezi Septemba mwaka 2024 mkono wake wa kulia ulilegea kwenye kifundo, ukawa unaning'inia, hawezi kuunyanyua wala kushika kikombe, na hapo neno la kurogwa likaingia ndani ya nyumba na kukaa. Baba mdogo Telesphory alikaa kitako na wazee, wakahesabu kila kilichoingia kinywani mwa mgonjwa, wakaona dagaa ameacha, nyama haili, kilichobaki kila siku ni maziwa. Mama Minani ni mgeni, wakasema, akiwa amezeeka hapa hapa. Ikapigwa marufuku kununua maziwa yake, watu wa mtaa wakafuata, mawe yakarushwa kwenye bati lake, na binti zake wakaanza kuchota maji mbali ili wasikutane nasi bombani. Alikuja mara moja tu uani kwetu, akasimama pale kwenye mlango wa jiko, hakuingia, akaniambia kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, "Recho, mwana wanje, mwanangu, sisi hayo maziwa, amata, tunakunywa wote nyumbani, na mjukuu wangu anakunywa." Sikumjibu, kwa sababu baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa sababu nilikuwa namwogopa kweli Mama Minani.

Basi maziwa yakaondoka, na baba akazidi kuumwa. Tuliambiwa ni sumu ya taratibu, imeshashika, inamaliza kazi yake. Naye akawa anakaa bandani kwenye godoro, anaelekeza, Bariki anayeyusha, na Ella anacheza miguuni mwao kwa zile risasi ndogo, anazipanga, anazihesabu, akichoka anaitia mdomoni ile ya shingoni, kama watoto wote wa ukoo wetu walivyofanya walipoota meno.

Tarehe 3 Machi mwaka huu, Jumatatu, Ella alianguka jikoni akakakamaa, macho yakageuka, povu likatoka. Sitaeleza zaidi. Nilikimbia naye hadi barabarani nikiwa sina viatu, na kote njiani nilikuwa nikimwona Frida. Hospitalini walipima malaria, hakuna, wakapima vingine, na daktari mmoja, Daktari Shadia, aliyekuwa na wagonjwa wengi wanamsubiri, badala ya kuniuliza mtoto amekula nini, kama nilivyozoea kuulizwa, akaniuliza, "Nyumbani kwenu mnafanya kazi gani?" Nikamweleza. Akakishika kile kipande shingoni mwa mwanangu kwa vidole viwili, akakitazama, kilikuwa na alama za meno, akakata uzi kwa mkasi na kukitia kwenye chupa, kisha akaniambia nimlete na babu yake.

Damu zao zilipelekwa Dar es Salaam, na majibu yalirudi tarehe 17 Aprili, zote mbili zikiwa na risasi nyingi. Daktari alituita familia nzima, baba mdogo akiwemo, na nitayasema aliyotuambia kadiri nilivyoyashika, nikikosea yupo pale nyuma, anisahihishe. Alisema risasi ni sumu, yenyewe, bila kurogewa na mtu yeyote. Ikiyeyushwa inaingia kwa pumzi, inakaa kwenye vumbi, mikononi, kwenye nguo, kwenye sufuria, na majivu hayaiondoi, na moto hauiui, kwa kuwa si mdudu. Inaingia kwenye mifupa na kukaa humo miaka, inakausha damu, inalegeza mishipa ya mikono, inachosha figo, na kwa mtoto inaingia kwenye ubongo. Maziwa ni chakula kizuri, tumpe mtoto, lakini hayaoshi risasi tumboni wala kifuani, na fundi aliyemwambia baba vile alimdanganya bila kujua. Mawese ni ya kupikia. Dagaa hawana neno, na ule ujumbe wa sauti haukuwa na kichwa wala miguu. Simu haikuunguza moyo wa mtu. Baba mdogo aliuliza, maana ni mtu wa kuuliza, mbona wavuvi wanaibana risasi kwenye wavu kwa meno tangu enzi za babu na hawajafa, na daktari akamjibu kwamba wengi hawafi, wanaumwa tumbo, presha na kichwa, wanasahau, wanakasirika ovyo, watoto wao wanakuwa wazito darasani, na hakuna anayekwenda kuuliza kwa nini. 

Sisi nyumbani tulipimwa sote. Risasi kwenye damu ya mama imepanda, ya Bariki imepanda sana, yangu imepanda kiasi. Ya Mama Minani na mjukuu wake, waliokunywa maziwa yale yale miaka yote, imekuwa ya kawaida, na wenyewe wameniruhusu niliseme hilo mbele ya watu.

Baba alilazwa tarehe 22 Aprili, figo zikiwa zimekwisha kuchoka. Tulipomweleza ukweli, jioni hiyo akamtaka Ella, akapapasa shingo yake kwa ule mkono uliobaki na nguvu, hakukuta kitu, akalia. Siku zilizofuata alianza kutaja majina ya watoto aliowavisha, wa Katonga, wa Kagunga, wa Simbo, mtoto wa yule fundi baiskeli, pacha wa mama muuza mihogo, anataja, anapotea, anarudia wale wale, na mimi na Jeremia tulikwenda kwa hao tuliowajua mmoja mmoja. Wengine walitufukuza. Mama mmoja alinijibu kwamba kile kipande kilimponya mwanawe kikohozi. Jumatano ya tarehe 11 Juni baba alinishika nguo akaniambia, "Bado wapo, Recho. Wavueni." Hakuongea tena maneno ya kueleweka, na Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na mama pembeni yake.

Hakumaliza kuwataja, na hiyo ndiyo sababu nimesimama hapa na karatasi ya namna hii badala ya ile ya baba mdogo. Sijui mtoto wa nani bado anacho. Nawaangalia kutoka hapa, na vipande hivyo nimekwisha kuviona shingoni mwa watoto wawili, sitawataja, mama zao mnajijua. Vueni hapo mlipo. Msikitupe ziwani wala jikoni wala chooni, msimpe mtoto mwingine, muuguzi amekaa langoni na ndoo yenye kifuniko, mkitie humo, na mtoto apelekwe apimwe damu hata kama anacheza na kucheka, kwa maana Ella naye alikuwa anacheza na kucheka asubuhi ile. Ugonjwa huu hauambukizi, msimkwepe mwanangu. Wavuvi, baba zangu, tumieni koleo kubana risasi, acheni meno, na mnawe kwa sabuni kabla hamjashika ugali. Vyombo vya marehemu, sufuria, shoka, koti lake la kazi ambalo baadhi yenu mmeliulizia kwa ajili ya kurithi, havitagawiwa kwa mtu, na banda limefungwa mpaka watu wa afya waje waseme udongo ule ufanyweje. Hayo nayo yananiogopesha, hawajatuambia watakuja lini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kwa namna ya pekee Daktari Shadia, aliyeuliza swali moja la maana. Tunalishukuru kanisa, uongozi wa mtaa, wavuvi wa Katonga kwa samaki na kwa mabega yenu leo, na wenzetu waliotoka Kagunga kwa boti. Wengi mmekuwa mkinong'onezana kwa nini msiba wa Mzee Erasto umewekwa katika ua huu na si nyumbani kwake, na kwa nini baadhi yenu hamjaugusa ugali. Uani kwetu daktari amekataza watoto wasikae, na mwenye ua huu mnamjua, ni Mama Minani, alitufungulia mwenyewe kabla hatujamwomba, na ugali huo ameusonga yeye na mama yangu. Baba mdogo Telesphory ameniruhusu niseme kwamba asubuhi ya jana alikuja hapa peke yake kuomba radhi, akapewa kiti, akapewa kikombe cha maziwa, akakinywa chote, na aliporudi nyumbani akamvua mjukuu wake kile kipande cha shingoni. Mama Minani, tunakushukuru, na tunaomba utusamehe.

Baba, Ella amepewa dawa yake leo asubuhi, akaitapika, tukampa nyingine, imekaa. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.